Bibi aligoma kukatwa mguu, daktari 'kichaa' akauzibua kwa waya

Mzee anashuka kwenye daladala Chamazi, anaanza kutembea kuelekea nyumbani. Hajafika mbali, kigimbi kinabana kama kimekamatwa na koleo. Anasimama, anajifanya anaangalia simu. Dakika mbili tatu maumivu yanaisha, anaendelea. Mbele kidogo yanarudi tena.

Nyumbani watasema ni uzee. Wengine watasema baridi yabisi, na hakosekani wa kusema amekanyaga kitu.

Kumbe mara nyingi shida ni mshipa. Ateri, ule mshipa unaopeleka damu mguuni, umejaa utando wa mafuta ndani na njia imebaki nyembamba. Mguu ukitembea unahitaji damu zaidi, damu haifiki, msuli unalia. Hali ikiachwa, kidonda kidogo hakifungi, kidole kinakuwa cheusi, na mwisho wake ni kukatwa mguu.

Leo mshipa wa namna hiyo unaweza kuzibuliwa kupitia tundu dogo kwenye paja, bila kupasua mguu. Aliyeanzisha njia hiyo ni daktari wa Marekani, Charles Dotter, na wapo waliomwita Charlie Kichaa.

Daktari mwenye roho ya fundi

Dotter alizaliwa Boston, Juni 14, 1920. Alisoma Chuo Kikuu cha Duke, kisha udaktari Cornell, New York. Fani yake ilikuwa radiolojia, yaani mambo ya eksirei.

Mwaka 1952, akiwa na miaka 32 tu, alipewa uprofesa na uongozi wa idara ya radiolojia katika chuo cha udaktari cha Oregon, mjini Portland. Alikaa kwenye kiti hicho mpaka anakufa.

Enzi hizo kazi ya daktari wa eksirei ilikuwa kupiga picha tu. Akishaona mshipa umeziba, anaandika ripoti, anampelekea daktari wa upasuaji. Dotter hakuridhika. Kama fundi bomba anazibua bomba bila kubomoa nyumba nzima, kwa nini daktari ashindwe kufanya hivyo kwenye mshipa? Wazo hilo alilipenda mpaka akalichora: bomba na spana vilivyopishana vikawa alama yake.

Mwaka 1963 bahati ilimwonyesha njia. Alikuwa anapitisha mrija mwembamba kwenye mshipa wa mgonjwa ili apige picha. Mrija ukapenya sehemu ya nyonga iliyokuwa imeziba, na damu ikapata njia. Hakukusudia, lakini alielewa alichokiona. Mwaka huo huo alikwenda Czechoslovakia kwenye mkutano wa madaktari na kuwaeleza kwamba mrija wa kupigia picha unaweza pia kuwa kifaa cha kutibu.

Januari 16, 1964

Nafasi ikaja kwa njia ya bibi mmoja wa miaka 82. Mguu wake wa kushoto ulikuwa na maumivu makali, una kidonda, na vidole vilishaanza kuoza. Madaktari walisema dawa ni kuukata. Bibi akagoma. Alitaka kubaki na miguu yake miwili, basi.

Hapo ndipo Dotter alipoitwa.

Picha ilionyesha mshipa wa paja umebanwa sehemu moja fupi. Dotter alitoboa tundu dogo, akaingiza waya laini mpaka ukavuka pale palipobana. Juu ya waya akapitisha mrija mwembamba, na juu ya huo mwingine mnene zaidi. Utando ukasukumwa pembeni, njia ikapanuka, damu ikapita. Hakupasua mguu.

Mguu uliokuwa baridi ukapata joto. Maumivu yakaondoka, na kidonda kikapona baadaye. Bibi aliishi zaidi ya miaka miwili baada ya siku ile, akitembea kwa miguu yake yote miwili.

Novemba mwaka huo Dotter na mwenzake, Melvin Judkins, walichapisha habari za wagonjwa wao wa kwanza katika jarida la kitabibu la Circulation.

Nyuzi za gitaa na nyaya za Volkswagen

Vifaa vya kazi hii havikuwepo dukani. Dotter alijitengenezea mwenyewe, na alijaribu mpaka nyuzi za gitaa na nyaya za spidomita ya Volkswagen.

Mwaka 1963, kwenye maonyesho ya radiolojia Chicago, alikutana na kijana aliyekuwa anaanza biashara ya vifaa vya hospitali, Bill Cook. Dotter akamwazima mirija ya Teflon na kichomeo cha gesi, akakesha navyo hotelini. Asubuhi alirudi na mirija iliyokamilika, tayari kuuzwa. Kampuni ya Cook baadaye ikawa moja ya kubwa duniani kwenye vifaa hivi.

Vituko navyo havikumpungukia. Inasimuliwa kwamba siku moja, akiwa anatoa mhadhara, alikunja shati na kuwaonyesha wasikilizaji mrija aliouingiza mkononi mwake mwenyewe mpaka kwenye moyo. Alitaka waone kwamba si jambo la kutisha.

Nyumbani hakupata sifa

Madaktari wengi wa upasuaji Marekani hawakumkubali. Wengine waliona ni hatari, wengine waliona anaingilia kazi yao. Mmoja alipomtumia mgonjwa, aliandika kwenye fomu kwamba Dotter apige picha tu, asijaribu kurekebisha kitu.

Ulaya ndiko walikompokea. Ujerumani, Eberhard Zeitler aliitumia njia yake na kuwafundisha wengine. Mmoja wa waliojifunza ni Andreas Grüntzig, ambaye mwaka 1974 alitumia puto dogo kupanua mshipa wa mguu, na mwaka 1977 akafanya hivyo kwenye mshipa wa moyo mjini Zürich. Ndipo dunia nzima ikageuka kutazama.

Dotter mwenyewe mwaka 1969 alishaandika juu ya springi ndogo alizoweka ndani ya mishipa ya mbwa ili isizibe tena. Stenti za leo zimetokana na wazo hilo. Mwaka 1978 jina lake lilipendekezwa kwa Tuzo ya Nobel, ila hakuipata.

Mwili wake nao ulimsumbua. Aliugua saratani ya tezi za limfu, na moyo wake ukafanyiwa upasuaji. Bado alikuwa anapanda milima. Alifariki Portland, Februari 15, 1985, akiwa na miaka 64. Judkins alikuwa ametangulia muda mfupi kabla, na Oktoba Grüntzig akafa kwenye ajali ya ndege. Mwaka mmoja, watu watatu wa kazi moja.

Kutoka Portland mpaka Upanga

Tanzania fani hii ilichelewa kufika. Mwaka 2018 Muhimbili, kwa kushirikiana na madaktari wa Chuo Kikuu cha Yale, ilianza kuwafundisha madaktari wa hapa nyumbani tiba radiolojia, na mwaka 2021 wa kwanza wakahitimu. Eneo hilo hilo la Upanga ipo Taasisi ya Moyo Jakaya Kikwete, JKCI, yenye mtambo wa Cathlab wa kutibu moyo na mishipa ya damu kupitia tundu dogo.

Si kila mguu unaokoka. Mishipa mingine imeziba sehemu ndefu na inahitaji upasuaji mkubwa, mingine ikizibuliwa inaziba tena. Mguu uliokwisha kuoza sana wakati mwingine lazima ukatwe ili mtu apone. Ndiyo maana kuwahi ni muhimu.

Mwenye kisukari, presha au anayevuta sigara asipuuze kigimbi kinachobana akitembea na kutulia akipumzika, mguu mmoja kuwa wa baridi kuliko mwingine, au kidonda cha mguuni kisichofunga. Mguu ukipauka ghafla, ukawa wa baridi na kuuma sana, hiyo ni dharura. Usisubiri kesho.

Na kabla familia haijasaini fomu ya kukata, kuna swali la kumuuliza daktari: je, mshipa umepigwa picha, na unaweza kuzibuliwa? Yule bibi wa Portland aligoma wakati njia yenyewe haijawahi kujaribiwa kwa mtu mwingine. Mzee wa Chamazi anaweza kuulizia ikiwa tayari ipo Upanga.