Richard St. Barbe Baker na Ngoma ya Miti: Udongo Hauponi kwa Amri

Utangulizi

Barabara itokayo Eldoret kuelekea Webuye hupita Turbo, mji mdogo uliozungukwa na mashamba ya mahindi na msitu wa misonobari. Nchi hii ya Uasin Gishu ni ghala la mahindi la taifa, lakini ghala lenyewe lina ugonjwa. Mahindi yamepandwa juu ya mahindi mwaka baada ya mwaka, mbolea ileile ya dukani imetiwa kila msimu, na udongo katika mashamba mengi umepata asidi na kupungukiwa na mboji. Maafisa wa kilimo huwashauri wakulima wabadilishe mazao, watie chokaa na samadi, wapande miti kwenye mipaka ya mashamba. Baadhi huwasikiliza, wengi huitikia kwa vichwa kisha wakaendelea kama walivyozoea. Ushauri huwa ni sahihi. Tatizo ni namna unavyomfikia mkulima.

Tatizo hilo si geni nchini Kenya. Mwaka 1922 lilimkabili mzungu mmoja huko Muguga, karibu na Kikuyu, naye akalitafutia dawa mahali ambapo maafisa wenzake hawakuthubutu kutafuta: katika ngoma. Mzungu huyo ni Richard St. Barbe Baker, mwasisi wa Watu wa Miti. Makala hii inasimulia maisha yake kwa kuzingatia swali moja: ni nini humfanya mkulima akubali kuitunza ardhi yake kwa hiari?

Kuzaliwa na malezi

Baker alizaliwa tarehe 9 Oktoba 1889 katika kijiji cha West End, jimbo la Hampshire, kusini mwa Uingereza. Baba yake alikuwa mtu wa vitalu: aliotesha na kuuza miche, na mtoto alikua akiona jinsi mbegu inavyoatikwa, inavyotiliwa maji na kuhamishwa. Palikuwa na msitu karibu na kwao. Katika utu uzima wake alipenda kusimulia jinsi alivyopotea humo akiwa mtoto mdogo, na kwamba badala ya kuogopa alihisi amefika nyumbani.

Alipotimiza umri wa takribani miaka 20 alisafiri hadi Kanada, akasoma katika Chuo Kikuu cha Saskatchewan kilichokuwa kimeanzishwa muda mfupi tu uliopita. Huko aliona jambo lililomkaa moyoni. Walowezi walikuwa wakilima mbuga pana bila kuacha mti wa kukinga upepo, na upepo ulikuwa ukiufagia udongo wa juu na kwenda nao. Alifanya kazi pia katika kambi za wakata miti, akashuhudia misitu ikiangushwa pasi na kupandwa mingine. Kwa mara ya kwanza alitambua kwamba mti na udongo ni ndugu: ukimwondoa mmoja, mwingine hakai.

Alirudi Uingereza akaendelea na masomo huko Cambridge. Vita vya Kwanza vya Dunia vilipozuka alijiunga na jeshi, akapigana Ufaransa na kujeruhiwa zaidi ya mara moja. Mwaka 1918 aliondolewa jeshini kwa sababu ya majeraha. Alirejea Cambridge kusomea misitu, na alipohitimu aliajiriwa na serikali ya kikoloni. Mwaka 1920 aliwasili Kenya akiwa msaidizi wa mhifadhi wa misitu.

Kenya aliyoikuta

Nchi aliyoikuta Baker ilikuwa na majeraha mawili yaliyoshikana. La kwanza lilikuwa la ardhi yenyewe. Kwa desturi ya kale, mkulima wa Kikuyu alifyeka kipande cha msitu, akalima mahindi, viazi vikuu na maharagwe, na rutuba ilipofifia akahamia kipande kingine na kukiacha kile cha kwanza kipumzike. Utaratibu huo ulifaa maadamu ardhi ilikuwa ya kutosha. Jeraha la pili ndilo lililoubatilisha. Serikali ya kikoloni ilikuwa imetwaa sehemu kubwa ya ardhi na kuwapa walowezi, kisha ikachora mipaka ya hifadhi ambayo Mwafrika hakuruhusiwa kuivuka. Mkulima hakuwa tena na mahali pa kuhamia. Alilazimika kulima palepale, na vilima vilivyokosa miti vikaanza kumomonyoka.

Uhusiano wa majeraha haya mawili haukupenda kutajwa na watawala. Katika maelezo yao mengi, mmomonyoko ulikuwa ni kosa la mkulima asiyejua kulima. Huko Uasin Gishu mambo hayakuwa tofauti: nyanda walizolishia Wanandi na majirani zao zilikuwa zimegawiwa walowezi, wakiwemo Makaburu waliowasili mwaka 1908 wakiwa na magari ya kukokotwa na maksai.

Machi 1922 hasira ya wananchi ilifurika. Harry Thuku, aliyepinga kipande, kodi na kazi za kulazimishwa, alikamatwa jijini Nairobi. Umati ulipokusanyika kudai aachiliwe, tarehe 16 mwezi huo, polisi waliufyatulia risasi na watu wakauawa. Katika hali kama hiyo, amri yoyote iliyotoka kwa afisa wa serikali ilitazamwa kwa shaka. Afisa aliyewaambia watu wapande miti angeweza kudhaniwa kuwa anatafuta njia nyingine ya kuwanyang'anya mashamba.

Ngoma ya Miti

Baker alianza kama afisa yeyote angeanza: alieleza. Aliwaambia wazee kwamba miti inakwisha na kwamba ni lazima ipandwe mingine. Kwa mujibu wa simulizi yake mwenyewe, jibu alilopewa lilikuwa fupi: kupanda misitu ni kazi ya Mungu. Jibu hilo halikuwa la ujinga. Kwa watu waliokuta misitu imekwisha kuwapo tangu enzi za mababu, na ambao wajibu wao ulikuwa ni kufyeka ili wale, mtu kuotesha msitu lilikuwa jambo lisilo na nafasi katika utaratibu wa maisha.

Hapo ndipo Baker alipofanya lile linalomtenga na wengi wa wenzake. Aliacha kueleza, akaanza kutazama. Aliona kwamba kila shughuli kubwa ya jamii ile ilikuwa na ngoma yake. Palikuwa na ngoma ya kupanda maharagwe na ngoma ya kuvuna mahindi. Mti peke yake ndio uliokosa ngoma. Kwa hiyo aliwaendea wazee na machifu, hasa Chifu Josiah Njonjo, akapendekeza ifanywe ngoma mpya, Ngoma ya Miti. Paliahidiwa zawadi: fahali kwa kijana atakayejipamba vizuri kuliko wote, na shanga kwa msichana mrembo kuliko wote.

Tarehe 22 Julai 1922 vijana wapatao 3,000 walikusanyika. Kati yao walichaguliwa 50 wa mwanzo, wakaapa mbele ya Ngai kwamba kila mmoja atapanda miti kumi kila mwaka na kuitunza miti popote atakapoikuta. Walijulikana kwa Kiswahili kama Watu wa Miti, na salamu yao ilikuwa Twahamwe, neno la kuwahimiza wavute pamoja kama mtu mmoja. Walikusanya mbegu za miti ya kienyeji, wakaanzisha vitalu, na miche ikapandwa katikati ya mimea ya chakula ili mkulima aendelee kuvuna huku mti ukikua.

Wataalamu wa fasihi simulizi wanaweza kukitambua kilichotendeka pale. Mafunzo ya udongo yalivishwa vazi la utendaji. Palikuwa na jukwaa, fanani, hadhira, pambo, ushindani, kiapo na salamu. Kijana hakupewa karatasi ya maelekezo, bali alipewa cheo mbele ya wenzake, na cheo hicho kilikuwa na wajibu. Mtu akivunja amri ya serikali hutozwa faini, lakini akivunja kiapo alichokula mbele ya rika lake huaibika. Mcheza kwao hutunzwa, na Ngoma ya Miti ilichezwa kwao.

Ni haki pia kusema kwamba ngoma hiyo isingekuwapo bila Josiah Njonjo. Mgeni alileta wazo, bali mwenyeji ndiye aliyejua ni nani wa kuitwa, ni lini, na ni kwa maneno gani. Njonjo, ambaye mwanawe Charles alikuja kuwa Mwanasheria Mkuu wa kwanza wa Kenya huru, ni mwasisi mwenza wa Watu wa Miti. Maandishi mengi humtaja kwa kupita tu.

Baada ya Kenya

Baker aliondoka Kenya baada ya miaka michache. Mwaka 1924 alishiriki katika mkutano wa dini mbalimbali uliofanyika London, akazungumzia imani za Wakikuyu, na katika mwaka huohuo akaanzisha tawi la Watu wa Miti nchini Uingereza. Kuanzia 1925 hadi 1929 alitumikia idara ya misitu kusini mwa Nigeria. Baada ya hapo hakuwa tena mtumishi wa serikali, na maisha yake yakawa ni ya kusafiri, kuandika na kuhutubu. Alikwenda Palestina kuhimiza upandaji miti, na huko Marekani alichangia juhudi za kuiokoa miti mirefu ya California.

Kati ya 1952 na 1953 aliongoza msafara wa kulivuka jangwa la Sahara. Hoja aliyorudi nayo ni ileile aliyoiona changa huko Kanada na Muguga: jangwa halitoki mbinguni peke yake. Mti hupunguza kishindo cha tone la mvua, mizizi yake huushika udongo, na majani yake yakianguka huoza na kuwa mboji inayonyonya maji mithili ya sifongo. Ukiondolewa, maji hukimbia juu ya ardhi badala ya kuzama, udongo wa juu hufuatana nayo, chemchemi hukauka. Alihimiza mataifa yanayolizunguka jangwa yapande miti kwa pamoja kulizuia. Alikuwa bado safarini mwaka 1963, akiwa na umri wa zaidi ya miaka 70, alipoizunguka New Zealand juu ya farasi akiwafundisha watoto wa shule habari za miti.

Njia ya amri

Wakati Baker akizunguka dunia, Kenya ilijaribu njia nyingine. Kuanzia miaka ya 1930 serikali ya kikoloni ilianzisha huduma ya kuhifadhi udongo, na baada ya Vita vya Pili vya Dunia wananchi walilazimishwa kuchimba matuta ya kukinga maji kwenye miteremko. Kitaalamu matuta yalikuwa na faida. Hata hivyo, kazi ilikuwa ya shuruti, mzigo mkubwa uliwaangukia wanawake, na watu waliogopa kwamba ardhi ikishatengenezwa itachukuliwa. Mwaka 1947 na 1948 wanawake wa Murang'a waliigomea kazi hiyo waziwazi. Kilichokataliwa hakikuwa tuta. Watu walikataa kushurutishwa kuiponya ardhi ambayo hawakuwa na hakika kuwa ni yao.

Hapa ndipo mpaka wa mafanikio ya Baker unapoonekana. Ngoma yake iliwapa watu heshima na hiari, lakini haikuwarudishia ardhi. Alikuwa mtu mwema ndani ya mfumo dhalimu, na wema wake haukuweza kulijibu swali la nani mwenye shamba. Pamoja na hayo, alithibitisha jambo ambalo watawala walilikanusha: kwamba mkulima wa Kiafrika si adui wa udongo wake.

Kifo na urithi

Baker alifariki dunia tarehe 9 Juni 1982 huko Saskatoon, Kanada, mji alikosoma ujanani. Siku chache kabla ya kifo chake alikuwa amepanda mti wake wa mwisho katika uwanja wa chuo kikuu kilekile. Chama alichokianzisha kiliendelea, na baadaye kikaitwa International Tree Foundation. Nchini Kenya, miaka 55 baada ya ngoma ya Muguga, Wangari Maathai alianzisha Ukanda wa Kijani mwaka 1977, akaanza na wanawake na vitalu vya vijijini, yaani pale ambapo shuruti za kikoloni zilikuwa zimeumiza zaidi.

Hitimisho

Msitu wa misonobari wa Turbo una historia yake. Ulipandwa kwa mistari iliyonyooka ili kulisha kiwanda cha karatasi cha Webuye, kilichoanza kazi mwaka 1974 na kufungwa 2009. Ulikuwa mradi wa kiwanda, na mkulima jirani aliutazama kama mali ya wengine. Shamba lake la mahindi, ambalo ndilo linalougua, halikuwa sehemu ya mpango.

Maisha ya Baker yanawakumbusha wanaowafunza wakulima leo kwamba elimu ya udongo huhitaji njia ya kupitia, na njia hiyo aghalabu imekwisha kuwapo: baraza, chama cha akina mama, sherehe za jando, ibada ya mavuno, wimbo wa kazi. Mtaalamu wa kilimo anayajua magonjwa ya udongo. Mwanafunzi wa fasihi simulizi anaijua ngoma. Huko Muguga mwaka 1922 elimu hizi mbili zilikutana kwa siku moja, na vijana 50 wakaenda zao wakiwa wameapa kupanda miti 500 kwa mwaka. Turbo nako mahindi yana msimu wake wa sherehe, lakini chokaa, samadi na mti wa mpakani bado havijapata ngoma yao.