Marehemu Dk. Adrian Atiman, Mganga wa Karema

Katika kurasa zilizotangulia tumesimulia habari za maaskofu, mapadre na watawa walioijenga Misioni yetu tangu mwambao wa ziwa Tanganyika hata nyanda za juu za Ufipa. Yuko mtu mmoja asiyekuwa padre wala mtawa, tena si mzaliwa wa nchi hizi, naye hatuwezi kumpita kimya. Alikaa Karema miaka 67, akitibu wagonjwa na kufundisha dini. Huyo ndiye Adrian Atiman.

Alizaliwa mbali sana, upande wa magharibi wa Afrika, kijijini Tundurma karibu na mto Niger, si mbali na mji wa Timbuktu, katika nchi iitwayo leo Mali. Mwaka wenyewe wadhaniwa kuwa 1866. Angali mtoto, Watuareg walimwiba, akauzwa, akavushwa jangwa la Sahara pamoja na watumwa wengine. Mwaka 1876 Mapadre Weupe walimkomboa kusini mwa Algeria, naye alikuwa mtoto wa miaka kama kumi. Basi, kabla hajajua kusoma, alikuwa amekwisha kujua utumwa. Na wasomaji waliosikia kwa wazee wao habari za misafara ya watumwa iliyopita mwambao wetu wataelewa neno hili bila ya sisi kulieleza zaidi.

Zamani hizo Mkuu wa Mapadre Weupe alikuwa Charles Lavigerie, Askofu Mkuu wa Algiers, aliyefanywa Kardinali mwaka 1882. Yeye alikuwa na shauri ambalo wengi wa wakati wake waliliona la ajabu. Mapadre waliotumwa kwenye Maziwa Makuu walikuwa wakifa kwa homa mmoja baada ya mwingine, na wenyeji nao hawakuwa na daktari hata mmoja aliyesomea kazi hiyo chuoni. Lavigerie akaona ya kwamba Afrika itatibiwa na Waafrika. Akachagua vijana waliokombolewa utumwani, akawapeleka kisiwani Malta, ambako mwaka 1881 alifungua nyumba ya kuwalea, ili wasomee uganga katika Chuo Kikuu cha huko. Wakiisha kufuzu, warudi Afrika wakiwa waganga na makatekista pamoja. Tena aliagiza wasigeuzwe kuwa Wazungu: wale, wavae na kukaa kama watu watakaowatibu, wapate kuaminiwa nao, wala maisha yao yasiwe ya gharama kubwa.

Atiman alikuwa mmoja wa vijana hao. Alisoma Malta mpaka mwaka 1888. Hapo Askofu Léonce Bridoux alikuwa akifunga safari ya kuja Tanganyika, naye kijana akaambatana naye hata Unguja, kisha pwani, na kutoka pwani wakaenda kwa miguu, miezi mingi, wakafika Karema mwanzo wa mwaka 1889. Tangu hapo makao yake yakawa Karema. Akamwoa Agnes Wansahira, mwenyeji wa nchi, na mtoto wao Joseph akawa padre.

Hapa twaomba msomaji aangalie tarehe. Mwaka 1889 serikali ya Kijerumani ilikuwa bado haijafika ziwani; ngome yao ya Kasanga, waliyoiita Bismarckburg, ilijengwa miaka mingi baadaye. Barani hapakuwa na hospitali, wala bohari ya dawa, wala mtu wa kuuliziwa shauri. Wafanya biashara ya watumwa walikuwa wangali wakiteka watu mwambaoni, na Kapteni Joubert, ng'ambo ya pili, alikuwa akipigana nao. Kwa hiyo kazi ya kwanza ya mganga huyu ilikuwa majeraha ya vita na miili iliyodhoofika ya watu waliookolewa. Baada ya hayo zikaja kazi za kila siku: homa, kuhara, vidonda, ndui, wanawake wenye uchungu wa uzazi. Mwanzo wa karne ya 20 malale nayo ikaenea mwambaoni, ikaua watu wengi.

Dawa kutoka Ulaya zilichelewa njiani, na zilipokwisha hazikuwa na badala. Atiman hakuketi akizingoja. Aliwauliza wenyeji habari za mizizi na majani yao, akayajaribu, yaliyofaa akayatumia pamoja na dawa za Kizungu, naye alikuwa mpasuaji hodari vilevile. Jambo hili twalisifu kuliko mengine. Mtu aliyesomea Chuo Kikuu miaka ile angaliweza kwa urahisi kuwadharau waganga wa kienyeji. Yeye aliwasikiliza, akapembua. Sifa zake zikaenea, wagonjwa wakamjia kutoka mbali. Wakati huohuo hakuacha kazi ya ukatekista, maana ndiyo aliyotumwa nayo, na yeye hakuzitenga hizo mbili.

Askofu Bridoux alifariki mwaka 1890, mwaka mmoja na miezi tu baada ya kufika. Mrithi wake, Askofu Lechaptois, aliongoza tangu 1891 hata 1917. Katika vita kuu ya kwanza Wabelgiji wakaingia, Wajerumani wakaondoka, kisha wakaja Waingereza. Bendera zilishuka na kupanda. Mganga alikuwa palepale. Mwaka 1946 habari za maisha yake, alizozisimulia mwenyewe, zilichapwa katika jarida la Tanganyika Notes and Records. Alipewa nishani pia, ingawa twadhani mtu aliyekuwa akivuja damu usiku alijali zaidi kwamba mlango wa Atiman ulikuwa karibu.

Lakini ni lazima kusema na upande wa huzuni wa habari hii. Lavigerie alifariki mwaka 1892, na miaka minne baadaye nyumba ya Malta ikafungwa. Vijana waliofuzu walikuwa wachache mno, nao walitawanywa mbalimbali, mmoja huku na mmoja kule. Wa kuwafuata hawakuandaliwa. Watu walimwona Atiman akifanya kazi iliyosemwa kuwa haiwezekani kwa Mwafrika, wakamsifu, wakampa nishani, wala hawakumpelekea wa kumrithi aliyesoma kama yeye. Chini ya Wajerumani na Waingereza, wenyeji waliruhusiwa kuwa wasaidizi na wauguzi. Chuo cha kuwafanya madaktari hakikujengwa katika nchi yetu. Chuo cha kwanza cha kusomesha madaktari kilifunguliwa Dar es Salaam mwaka 1963, baada ya uhuru. Hesabu miaka tangu Malta 1881: ni 82. Kwa sehemu kubwa ya muda huo ujuzi wa udaktari katika sehemu kubwa ya mwambao ulikaa kichwani mwa mtu mmoja, naye alikuwa akizeeka.

Twasema hivi bila kumlaumu marehemu. Mtu mmoja hawezi kuwa hospitali, chuo na bohari kwa pamoja, hata akiwa na moyo wa Atiman. Serikali ya Tanzania ilipoanza, baada ya Azimio la Arusha la 1967, kueneza zahanati na vituo vya afya vijijini na kuwasomesha waganga wasaidizi wa kukaa huko, ilikuwa yashika kwa upya lile shauri la zamani: mganga akae kati ya watu, aijue lugha yao, atosheke na maisha yao. Tofauti ni kwamba safari hii walisomeshwa wengi, na aliyeondoka aliachiwa mwingine mahali pake.

Dk. Atiman alifariki Karema mwaka 1956, umri wake ukiwa kama miaka 90. Miaka mitatu mbele, mwaka 1953, Vikarieti ya Karema ilikuwa imefanywa Jimbo. Na mwaka 1969 Jimbo likachukua jina la Sumbawanga. Tangu mwaka 2000 Karema yenyewe imo katika Jimbo la Mpanda. Hospitali ya Jimbo mjini Sumbawanga, huku juu Ufipa, yaitwa kwa jina lake, nao wauguzi na madaktari wake ni wana wa nchi.