Thomas Henderson, Mpimaji wa Nyota Jirani

Katika Dodoma na uwanda wote wa kati, anga la kiangazi huwa na mawingu machache. Mwezi wa Juni, yapata saa tatu usiku, simama ukielekea kusini. Utaona nyota nne zilizokaa kama msalaba, na kushoto kwake nyota mbili zing'aazo sana. Iliyo mbali zaidi na msalaba huitwa Alfa Sentauri. Kwa darubini huonekana kuwa ni nyota mbili zilizo pamoja. Kubwa yao hufanana sana na Jua letu, ila hukadiriwa kuwa na umri mkubwa zaidi.

Mtu wa kwanza kupima umbali wake ni Thomas Henderson, aliyezaliwa Dundee, Uskoti, mwaka 1798. Alifanya kazi katika ofisi za wanasheria, na nafasi aliyoipata aliitumia kujifunza elimu ya nyota, ingawa macho yake yalikuwa dhaifu. Mwaka 1832 alifika Rasi ya Tumaini Jema, Afrika ya Kusini, akapima mara nyingi mahali ilipoonekana nyota hiyo.

Ili uielewe njia yake, simamisha kidole mbele ya ukuta. Kitazame kwa jicho moja, kisha kwa jingine. Kitaonekana kama kimehama. Kikiwa mbali zaidi, huhama kidogo zaidi. Vivyo hivyo, kila baada ya miezi sita Dunia huwa upande wa pili wa Jua, kilomita milioni 300 kutoka ilipokuwa. Nyota iliyo jirani huonekana kuhama kidogo sana.

Henderson alirudi kwao mwaka 1833. Hesabu zilionyesha kwamba nyota ilihama, lakini alihofu kuwa chombo chake kilimdanganya, akaendelea kuzihakiki. Mwaka 1838 Mjerumani Friedrich Bessel akatangaza umbali wa nyota nyingine. Henderson alitangaza mwezi wa Januari 1839, na sifa ya kutangulia ilikwisha kumpita. Alifariki Edinburgh mwaka 1844.

Hata hivyo, kazi yake haikupotea. Bila kujua umbali wa nyota, hatuwezi kujua nguvu ya mwanga wake wala kukadiria vyema umri wake. Mwanga huenda kilomita 300,000 kwa sekunde, lakini kutoka Alfa Sentauri husafiri zaidi ya miaka minne. Mwanga utakaouona mwezi wa Juni utakuwa uliondoka huko zaidi ya miaka minne kabla.