Harvey Fletcher, jamaa aliyepima sauti ya simu kwa masikio

Simu ya WhatsApp ikikatakata, halafu ukaombwa uipe nyota, hapo unapima ubora wa sauti. Kazi hiyo ilianza kabla ya intaneti, na Harvey Fletcher ni mmoja wa walioianzisha.

Alizaliwa Provo, jimbo la Utah, Marekani, 1884. Akiwa mwanafunzi Chicago, yeye na profesa wake, Robert Millikan, walipima chaji ya elektroni kwa matone ya mafuta. Ripoti kubwa ikatoka kwa jina la Millikan pekee. Fletcher alihitaji digrii, akakubali. Akapata PhD 1911. Mwalimu akapata Nobel 1923. Mnaofanya utafiti chuoni mnaelewa!

Mwaka wa 1916 alijiunga na Western Electric, baadaye Bell Labs. Huko, mtu alisoma silabi zisizo na maana kwenye simu, na mwenzake upande wa pili akaandika alichosikia. Mbona zisizo na maana? Kwa sababu ubongo ni mjanja: ukisikia “nitumie nau…”, unamalizia “nauli” hata kama laini ni mbovu. Asilimia ya silabi zilizoshikwa sawasawa ndiyo alama ya laini.

Leo programu hulinganisha sauti iliyotumwa na iliyofika, zikiiga sikio la binadamu, sikio ambalo Fletcher alilichunguza miaka mingi.

Alifariki 1981 akiwa na miaka 96. Kisa cha matone ya mafuta alikiacha kwenye maandishi; kilichapishwa mwaka uliofuata.