Takács: Kulia kulilipuka, kushoto kukabeba dhahabu

Shabiki wa soka anajua tabu ya straika wa mguu wa kulia kuambiwa apige penalti kwa kushoto. Mwanajeshi wa Hungary, Károly Takács, alifanya kitu kigumu kuliko hicho, tena kwa bastola, akabeba dhahabu mbili za Olimpiki.

Alizaliwa Budapest, Januari 21, 1910. Mwaka 1936 shabaha yake ilikuwa ya hatari, lakini aliachwa Michezo ya Berlin kwa sababu alikuwa sajenti, na jeshi lilipeleka maofisa tu. Zuio hilo likaja kuondolewa, akaanza kuitolea macho Olimpiki ya 1940. Mwaka 1938, akiwa mazoezini jeshini, guruneti bovu likamlipukia mkono wa kulia, uleule wa kulengea.

Alilazwa mwezi mzima. Alipotoka hakusema na mtu, akajifua kimyakimya kwa kushoto. Mwaka 1939 akatokea kwenye ubingwa wa taifa, wenzake wakadhani kaja kutazama tu. Akawachapa wote! Kisha Vita Kuu ya Pili ikafuta Olimpiki mbili, ya 1940 na ya 1944.

Mchezo wake haukuwa na huruma. Umbali mita 25, shabaha tano, risasi tano: kwanza kwa sekunde 8, halafu 6, mwisho 4. Bastola ikirukaruka mkononi, umekwisha. Ndiyo maana kwa miongo mingi, hadi 2004, walengaji wengi wa mchezo huo walipenda risasi fupi ya .22. Kichwa chake kina gramu 1.9 hivi, wakati cha ile ndefu kina 2.6. Kiweke kwenye mizani ya wauza samaki pale Feri, mshale hautikisiki.

Kichwa chepesi kinapunguza teke. Tatizo ni kwamba bastola inayojipakia inalitegemea teke hilohilo kusukuma bamba la juu nyuma, kutema ganda na kuingiza risasi nyingine. Teke likiwa dogo mno, bamba halifiki mwisho, ganda linabanwa, bastola inakwama na sekunde zinakwenda. Dawa yake ni bastola iliyoundwa kwa risasi hiyo. Kampuni ya Walther ya Ujerumani ilitumia bamba jepesi la aluminiamu kwenye bastola yake ya Berlin 1936. Risasi na bastola lazima zijuane, kama winga na straika.

London 1948, Takács alikuwa na miaka 38. Bingwa wa dunia, Muargentina Díaz Sáenz Valiente, alimuuliza amefuata nini. Akajibu kwamba amekuja kujifunza. Akapata pointi 580 kati ya 600, rekodi ya dunia. Muargentina aliambulia 571 na fedha, akakiri kwamba mwanafunzi huyo amejifunza vya kutosha.

Helsinki 1952 alitwaa tena kwa pointi 579, moja tu zaidi ya Mhungary mwenzake, Szilárd Kun. Siku chache baadaye, Ferenc Puskás na wenzake waliifunga Yugoslavia 2-0 na kubeba dhahabu ya soka. Hakuna aliyewahi kushinda mchezo huo wa bastola mara mbili kabla ya Takács.

Melbourne 1956 alimaliza wa nane. Alifariki dunia Januari 5, 1976, bila kuirudisha bastola mkono wa kulia.