Padri Lobo, mgeni aliyepokewa kwa fimbo

Ukitoka Isiolo mjini ukashika barabara ya kwenda Garba Tula, utapita Kulamawe, kituo cha wafugaji ambako Kiborana ndiyo lugha ya nyumbani. Vijana wengi wa Nairobi na Mombasa wakiliona jina hilo kwenye ramani wanacheka, eti huko watu wanakula mawe, kisha wanasahau. Lakini hebu ngoja kidogo. Waborana ni tawi la Waoromo, na karibu miaka 400 iliyopita Waoromo wa upande wa pwani walimpokea padri mmoja kutoka Ulaya. Hakufika Kulamawe, lakini yaliyompata kwa jamaa hao yanafaa uyajue.

Jina lake ni Jerónimo Lobo, Mreno aliyezaliwa Lisbon mwaka 1595. Alijiunga na Wajesuiti akiwa kijana mdogo, na mwaka 1622 akapanda meli kwenda Goa, India. Mwaka 1624 akatumwa kutafuta njia ya nchi kavu ya kuingia Uhabeshi, yaani Ethiopia ya leo, ambako Mfalme Susenyos alikuwa ameukubali Ukatoliki. Bandari za Bahari ya Shamu zilikuwa mikononi mwa Waturuki, kwa hivyo Lobo akashukia Pate, kisiwa hicho hicho cha Lamu unachokijua, akafuata pwani kwenda kaskazini hadi upande wa mto Juba.

Huko ndiko alikokutana na Waoromo. Kiongozi wao alikaa kwenye kibanda cha nyasi, na padri alipoingia tu, waliokuwemo wakamrukia kwa fimbo, wakamcharaza mpaka akatoka nje. Alipouliza kosa lake, akaambiwa hana kosa. Kila mgeni hupewa hizo ili ajue kwamba hakuna watu mashujaa kama wao.

Baada ya fimbo ukaja urafiki. Kondoo akaletwa katikati, akapakwa siagi, na wakuu wa koo wakaweka mikono juu ya kichwa chake wakaapa. Lobo akaelezwa maana yake: kondoo ni mama yao, siagi ni upendo kati ya mama na watoto, na aliyeapa kwa kichwa cha mama havunji neno. Hapo unaona tofauti ya Lobo na wasafiri wengine wengi wa enzi zake. Hakuishia kusimulia kichapo. Aliuliza maana ya mambo, akaiandika. Alipoambiwa kwamba njia ya mbele imejaa mataifa yanayopigana, aliwasikiliza wenyeji akageuza.

Mwaka 1625 akaingia Ethiopia kwa njia nyingine, kupitia pwani ya Wadanakili. Alikaa huko miaka kama tisa. Alikula karamuni nyama mbichi iliyotiwa nyongo kama kitoweo. Alifika kwenye chemchemi za Nili ya Buluu na kuandika habari za sikukuu ya Waagau, ambao kila mwaka walichinja ng'ombe pale na kutupa kichwa chake majini. Kwenye maporomoko ya mto huo alipita nyuma ya pazia la maji, akaketi kwenye ubaridi akitazama pinde za mvua.

Kumbe wakati huo nyumba ya mwenyeji ilikuwa inaungua. Susenyos alilazimisha watu waache imani ya mababu zao wafuate Roma, na Wajesuiti wakamuunga mkono. Damu nyingi ikamwagika. Mwaka 1632 mfalme akachoka, akamwachia kiti mwanawe Fasilides, naye akawafukuza mapadri. Lobo na wenzake wakaangukia mikononi mwa Waturuki waliodai fidia. Akiwa njiani kurudi Ureno kutafuta msaada, mwaka 1635 meli yake ikavunjika pwani ya Afrika Kusini. Alinusurika, na akafa Lisbon mwaka 1678.

Kazi aliyotumwa, basi, haikusimama. Kilichobaki ni maandishi yake. Mwaka 1735 Samuel Johnson, kijana Mwingereza aliyekuwa bado hajulikani, aliyatafsiri kutoka Kifaransa, na hicho kikawa kitabu chake cha kwanza. James Bruce wa Scotland, aliyefika kwenye chemchemi zile mwaka 1770, alimwita Lobo mwongo ili yeye aonekane wa kwanza. Ukweli ni kwamba hata Lobo hakuwa Mzungu wa kwanza. Pedro Páez alishafika mwaka 1618. Na Waagau, bila shaka, walikuwepo muda wote.

Wewe unayepanga safari za sikukuu na simu yako mkononi, pima maisha ya padri huyu. Alipouliza na kusikiliza, hata waliomcharaza walimwapia urafiki. Yeye na wenzake walipotaka kumgeuza mwenyeji kwa nguvu ya mfalme, wakatolewa mlangoni. Ukifika ugenini, iwe Marsabit au Marekani, uliza kwanza kondoo yule ana maana gani. Picha utapiga baadaye.