Franco Luambo Makiadi: Msanii Huru katika Kivuli cha Ikulu

François Luambo Makiadi, aliyevuma kote Afrika kwa jina la Franco, alizaliwa tarehe 6 Julai 1938 huko Sona-Bata, katika iliyokuwa Kongo ya Wabelgiji. Alilelewa Léopoldville, mji ambao sasa unaitwa Kinshasa. Babake alifariki Franco akiwa bado mtoto, na mamake akawakimu wanawe kwa kuuza maandazi sokoni. Kijana huyo alijiundia gitaa akawa analipiga kando ya meza ya mamake ili kuwavutia wateja. Tangu utotoni, basi, muziki kwake ulikuwa sanaa na riziki kwa pamoja.

Mwaka 1953 alianza kurekodi katika studio ya Loningisa, iliyomilikiwa na wafanyabiashara Wagiriki. Mnamo Juni 1956 yeye na wenzake waliasisi bendi ya OK Jazz. Enzi hizo mwenye mitambo ndiye aliyemiliki sahani, naye mwanamuziki akaambulia ujira tu. Katika miaka ya 1960 Franco alijinasua kwa kuanzisha lebo zake mwenyewe, mojawapo ikiwa Editions Populaires.

Uhuru wa kibiashara, hata hivyo, haukumpa uhuru wa kisiasa. Juni 1966 utawala wa Mobutu uliwanyonga hadharani wanasiasa wanne, akiwemo Évariste Kimba, aliyewahi kuwa waziri mkuu. Franco alitunga Luvumbu Ndoki, wimbo wa mafumbo kuhusu mtemi mchawi anayewaangamiza jamaa zake. Wasikilizaji waliufumbua. Wimbo ulipigwa marufuku, naye akavukia Brazzaville kwa muda.

Aliporejea, alibadili mwelekeo. Aliitangaza kwa nyimbo sera ya Mobutu ya kurejea asili ya Kiafrika, na katika miaka ya 1970 akakabidhiwa Mazadis, kiwanda cha kutengeneza sahani. Mwaka 1984 alimpigia debe Mobutu katika uchaguzi usiokuwa na mgombea mwingine. Wakosoaji wake walimwona kuwa kasuku wa dola aliyeiuza sauti yake.

Lawama hizo zina uzito, ila hazimmalizi Franco. Mwaka 1978 serikali hiyohiyo ilimtia jela kwa nyimbo zilizodaiwa kukiuka maadili. Aidha, bendi yake iliyofikia zaidi ya wanamuziki 30 ilitegemea sahani na majukwaa ambayo dola ingeweza kuyafunga wakati wowote. Wahenga walinena kwamba mtumikie kafiri upate mradi wako. Franco aliupata mradi, na gharama yake akailipa kwa jina lake. Kazi zake za mwisho, Mario ya 1985 na Attention na SIDA ya 1987, ziligusa maisha ya watu wa kawaida. Alifariki Ubelgiji tarehe 12 Oktoba 1989, na taifa likamwomboleza kwa siku nne.

Suala lililomwandama Franco halikuzikwa naye. Nchini Kenya, mwaka 2002, wimbo Unbwogable wa Gidi Gidi Maji Maji uligeuka wimbo wa kampeni ya NARC. Kwa kijana wa Tena au Umoja anayejirekodia nyimbo zake nyumbani, kisha akaalikwa kuimba katika mkutano wa mwanasiasa, maisha ya Franco yanabainisha jambo moja: kumiliki lebo ni nusu ya uhuru. Nusu ya pili hupimwa kwa wimbo ambao msanii anaweza kuutoa bila kulazimika kuvuka mto.